Kichwa kwa Kitako

Baba alikuwa fundi redio, Iwawa,
kibanda cha mabanzi nyuma ya soko la viazi.
Hakusema chanya. Hakusema hasi.
Alisema kichwa, alisema kitako,
na betri zilizochoka alizianika juu ya bati
siku jua la Makete lilipokumbuka kutoka.
"Kichwa kwa kitako, Tulizo. Kichwa kwa kichwa
ni mabubu wawili wanaamkiana gizani."

Maneno makubwa niliyakuta shuleni.
Sasa nayafundisha, kidato cha tatu, asubuhi za sakitu,
watoto wameficha vidole kwapani.
Jana Chaula aliangusha sumaku, ile moja tuliyo nayo.
Ikakatika katikati. Akalia, akiogopa fidia.
Nikamwambia, tazama, hujapoteza kitu,
kila kipande kimeota ncha iliyokosekana.
Ikate tena, na tena, mpaka iwe unga,
hutaipata kaskazini inayokaa peke yake.
Akafuta kamasi: "Na Nyanda za Juu Kusini, mwalimu?
Tukikatwa, nasi tutaota kaskazini?"
Darasa likacheka. Sikuwa na jibu.

Nilitaka kuwaambia na maji yana upande:
kichwa cha oksijeni, hasi kidogo,
masikio mawili ya hidrojeni, chanya kidogo,
ndiyo maana yanaikamata chumvi mpaka inayeyuka,
na mafuta ya alizeti, yasiyoegemea popote,
yanakaa juu juu
kama mgeni asiyejua msiba ni wa nani.
Kengele ikalia.

Muuguzi alikuwa na sauti ndogo.
Alikunja karatasi mara mbili, akaikunjua.
"Mama, wewe ni chanya. Baba, wewe ni hasi."
Nikacheka.
Mungu anisamehe, nilicheka,
kwa sababu wiki ile ile, ukumbi wa halmashauri,
mtu wa semina mwenye tai ya zambarau
alitupigisha makofi: Fikra chanya! Mtazamo chanya!
Nikaona makofi yale yote yamenishukia mimi.

Neno ni lile lile.
Mtogwa na mkangafu hutoka mwanzi mmoja,
kinachotofautisha ni usiku uliopita juu yake.

Tulirudi kwa miguu. Tweve mbele, mikono mfukoni,
ukungu umemla mpaka magoti.
Mama Mahenge akatoka kwenye miti na mzigo wa kuni:
"Hamjambo?"
"Hatujambo," akajibu Tweve, kwa niaba ya wote wawili.

Nikalibeba lile neno kama kaa la kuazima.
Hatujambo.
Kumbe lugha yetu, ikitaka kutaja uzima,
huanza kwa kukana:
sijambo, si haba, si neno.
Afya yenyewe imeandikwa kwa hasi
tangu kabla ya maabara, kabla ya darubini.
Na asiyeweza kukana, huyo ana jambo.
Nilikuwa nalo, nikalifunga kwenye pindo la kitenge,
nikapanda nalo kilima.

Dada zake walisema tumetofautiana mno
kulala chini ya bati moja.
Sikubishana. Mmoja wao mpaka leo
hunywea kwangu kikombe alichokuja nacho.

Miaka tisa. Kidonge saa mbili usiku,
taarifa ya habari ikianza.
Tweve bado ni hasi.
Na mimi mwaka jana waliniambia virusi havionekani,
"ha" nyingine hiyo,
nikaipokea kwa mikono miwili, na goti.

Usiku huu mvua imekata umeme.
Namsikia anapapasa kabatini,
betri zinagongana kama kokoto.
Anazisoma kwa kidole gumba, moja, halafu ya pili,
anaigeuza ya pili.
Kofia ya tochi inazungushwa. Bado.
"Tulizo, umeshakunywa?"
"Mulika kwanza," nasema, "nikione."